Napoza laptopu kwa maji: waliowahi kujaribu Arusha na Moshi, njooni tusaidiane

#1 Chalii_wa_Sakina

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhariri wa video: harusi, sendofu, kipaimara, misiba. Natumia laptopu yenye prosesa ya i7-9750H na kadi ya picha ya GTX 1660 Ti. Ni mashine nzuri, nimeinunua kwa jasho langu na siwezi kuiacha. Shida ni joto. Nikianza kutoa video, ndani ya dakika nne inafika nyuzi 97, feni zinalia kama mashine ya kusaga, halafu kasi ya prosesa inaporomoka kutoka gigahazi 3.9 hadi 2.2. Kazi ya saa moja na nusu inakwenda saa tatu. Mwezi uliopita bibi harusi alisubiri siku mbili zaidi ya nilivyomwahidi, na iliniuma.

Nimeamua kuijengea mfumo wa maji. Nilivyouchora: nachukua bomba la shaba la robo inchi, lile la mafundi friji, nalibonda kidogo liwe bapa, nalilaza juu ya mirija ya shaba iliyomo ndani ya laptopu, ile inayobeba joto la prosesa. Ncha mbili zinatoka nyuma penye tundu la hewa. Hapo naunga mipira, maji yanakwenda kwenye rejeta ya hita ya gari yenye feni ya sentimita 12, pampu ndogo ya volti 12 inayazungusha. Nikisafiri nachomoa mipira, laptopu inabaki kama kawaida.

Maswali yangu: nani ameshafanya? Maji gani nitumie? Na bomba nilichomee kwa risasi au niligandishe kwa gundi?

#2 Mtazamaji_Kijenge

Nimekaa kiti cha mbele. Mleta uzi, usisahau mrejesho. Nyuzi nyingi za hivi zinafia njiani.

#3 Fundi_Kaloleni

Mkuu, kabla ya kutafuta pampu, fungua mashine. Natengeneza laptopu mwaka wa kumi na moja sasa, na nyingi zinazoletwa kwangu kwa sababu ya joto ugonjwa wake ni vumbi. Vumbi letu ni la volkano, laini kama unga, linapita kila mahali. Ukitoa feni utakuta kati yake na vibati vya shaba kuna kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Kimeshikana, ukikivuta kwa kibano kinatoka kizima, kina nywele na nyuzi za zulia. Hapo feni ilikuwa inapuliza ukuta. Ukipuliza kwa blowa kutoka nje lile blanketi linasogea tu, halitoki.

Safisha, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti, weka mpya. Halafu tuzungumze maji.

#4 Chalii_wa_Sakina

Asante fundi. Nimeshafungua mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza nilitoa hilo blanketi, joto likashuka kutoka 99 hadi 95. Miezi miwili baadaye limerudi 97, na nilipofungua tena vibati vilikuwa safi. Kwa hiyo vumbi lilikuwepo, lakini si lote.

#5 Mwalimu_Moshono

Nafundisha fizikia sekondari, na jambo hili hunikera kwa sababu watu hawalitaji. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takribani asilimia 15. Feni ya laptopu inasukuma ujazo uleule kila dakika, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa pungufu ya kubeba joto. Kama pwani hewa inaingia na kutoka ikiwa imepanda nyuzi 30, hapa kwa joto lilelile itapanda kama 35. Nyuzi tano hizo zinatosha kabisa kuisukuma prosesa kwenye kizingiti.

Maji hayajali mwinuko. Lita moja ya maji hubeba joto kama mara 3,500 ya lita moja ya hewa ya pwani, na hapa kwetu pengo ni kubwa zaidi. Kijana, wazo lako ni zuri. Jambo la pili: maji hapa Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo hata yale maji yaliyomo ndani ya mirija ya shaba ya laptopu yanachemka mapema kuliko pwani.

#6 Dada_wa_Rau

Mwalimu, shikamoo. Mimi nipo Moshi, mita mia nane na kitu tu, na laptopu yangu inawaka kuliko ya huyo kaka. Februari hapa chumbani ni nyuzi 32. Nyie Arusha mwezi wa saba mchana ni 21, mnavaa makoti. Hiyo tofauti ya nyuzi 11 inaimeza ile hasara yako ya nyuzi tano na chenji inabaki. Isitoshe, vitabu vya laptopu nyingi vimeandika kwamba mashine inafanya kazi hadi mita 3,048. Arusha hata nusu yake haifiki.

#7 FundiFriji_Pasua

Mwalimu, hapo kwenye mirija umekosea, naomba nikurekebishe kwa heshima. Mrija wa laptopu umezibwa pande zote na hewa yake imenyonywa. Ndani kuna matone machache tu ya maji na utambi wa unga wa shaba. Kwa sababu ya kule kunyonywa, maji yale yanageuka mvuke hata kwenye nyuzi 40. Upande wa prosesa yanageuka mvuke, upande wa vibati yanarudi maji, utambi unayarudisha. Ni kama friji isiyo na kompresa. Mwinuko wa nje hauingii humo hata kidogo. Aliyeuonyesha ulimwengu kazi yake ni George Grover wa maabara ya Los Alamos, Marekani, 1963, na wazo la utambi lilikuwa limeshaandikwa na Gaugler wa General Motors miaka ya arobaini.

Sasa wewe kijana wa Sakina, sikiliza hapa kwa makini maana ni usalama wako. USIPITISHE MOTO WA GESI kwenye mirija hiyo. Risasi ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 183. Maji yaliyofungiwa yakifika hapo mvuke wake unasukuma zaidi ya mara kumi ya kani ya hewa ya kawaida, na mrija wenyewe umebondwa bapa, ukuta mwembamba. Unavimba au unapasuka usoni mwako. Nimeona mmoja umevimba kama chapati ya maji, na ukishavimba umekufa, haubebi joto tena.

#8 Mwalimu_Moshono

FundiFriji, nimekubali. Nilichanganya chombo kilicho wazi na kilichozibwa. Asante. Hoja ya hewa nyepesi siiachi.

#9 Chalii_wa_Sakina

FundiFriji, umeniokoa, kwa sababu mtungi wa gesi nilikuwa nimeshauazima. Sasa nichomee kwa nini?

#10 FundiFriji_Pasua

Nenda kwa mafundi simu, uliza risasi ya nyuzi 138, ile yenye bizmathi. Inakuja kama pesti kwenye sindano. Viwandani nako hutumia ya namna hiyo kushikisha mirija na vibati. Mafundi simu wana pia blowa ya hewa moto yenye kipimo. Weka 170 hivi, pasha polepole, ikimeta tu ondoa. Jizoeze kwanza kwenye mtambo mbovu wa kupozea, usianze na wako.

Bomba la robo inchi ulibonde likiwa limejazwa mchanga mkavu na kuzibwa ncha, lisije likajifunga katikati. Libaki na uwazi wa milimita mbili unusu au tatu ndani. Kabla ya kubonda lipashe liwe jekundu, liache lipoe, shaba inakuwa laini kama udongo.

#11 Kijana_wa_Usa

Mnapoteza muda wote huo wakati kuna barafu? Weka ndoo, jaza barafu, pampu itaingiza maji ya baridi. Mimi ningepata nyuzi 40.

#12 Dada_wa_Rau

Kijana wa Usa, na Kibo ipo hapo, tuelekeze tu mpira mpaka kileleni, au siyo? 😄 Jaza glasi maji ya barafu, iweke mezani dakika kumi, angalia jasho lake kwa nje. Jasho hilohilo litatokea kwenye bomba lako, juu ya bodi yenye umeme. Utaiua mashine bila tone hata moja kuvuja.

#13 Msomi_Tengeru

Dada yuko sahihi. Maji ya kupozea yasiwe ya baridi kuliko hewa ya chumba, hapo umande hautokei. Na mfumo wenye rejeta na feni peke yake hauwezi kushuka chini ya joto la chumba, kwa hiyo uko salama bila kufikiria. Barafu ndiyo inaleta hatari.

Nimepiga hesabu ya mleta uzi. Prosesa yake imepangiwa wati 45, kadi ya picha 80, jumla 125. Pampu ikisukuma lita moja kwa dakika, maji yanapanda nyuzi 1.8 tu kwa mzunguko mmoja. Maana yake huhitaji pampu kubwa wala mto. Tatizo lako haliko kwenye maji. Liko pale joto linapovuka kutoka kwenye prosesa yenyewe, ambayo ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kwenda kwenye shaba, halafu kutoka mrija hadi bomba lako. Shaba inapitisha joto karibu 400 kwa kipimo chetu, pesti nzuri ni 8 au 10, hewa haifiki hata 0.03. Upenyo mwembamba kama karatasi kati ya mrija na bomba utafuta kazi yako yote. Hapo ndipo utumie muda.

#14 Mtazamaji_Kijenge

Pesti ikiisha kuna wanaoweka dawa ya meno. Inafanya kazi?

#15 Fundi_Kaloleni

Siku mbili tatu inafanya, ikikauka inakuwa chokaa. Wateja wameniletea mashine zinanukia minti. Usifanye hivyo, mkuu.

#16 Mama_Njiro

Naandika kwa uchungu kidogo. Mimi nilijaribu miaka miwili iliyopita. Kila kitu kilikuwa sawa wiki tatu, joto 70, nikafurahi. Nilitumia mpira laini unaoangaza na kwenye maungio sikuweka klipu, niliuvuta tu ukabana. Mchana mpira unapata moto unalegea, usiku unapoa unasinyaa. Asubuhi moja nikakuta laptopu haiwaki. Nilipofungua niliona tone moja limening'inia pembeni ya nafasi ya RAM, dogo kama punje ya ulezi, na chini yake alama ya kijani. Tone moja tu. Ndani yake kulikuwa na picha za miaka sita za mwanangu, na nakala sikuwa nayo.

Kijana, klipu kila ungio. Maungio yote yawe NJE ya laptopu, ndani lipite bomba moja lisilo na kiungo. Na nakala ya kazi za watu weka kwenye diski nyingine leo, kabla hujashika bisbisi.

#17 Chalii_wa_Sakina

Pole sana mama. Nimehamisha kila kitu usiku huu. Bomba litakuwa moja, halina kiungo ndani.

#18 Mkazi_MajiyaChai

Kwenye swali la maji nina la kusema, kwa sababu nimezaliwa kwenye maji yenye jina. Mto wetu umeitwa Maji ya Chai kwa rangi yake. Haya maji ya pande za Meru yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Angalieni meno yetu, kahawia tangu utoto, na wengine mifupa imepinda. Pale Ngurdoto wamekuwa wakiyachuja kwa mkaa wa mifupa. Usiweke maji ya bomba wala ya kisima kwenye hiyo mashine. Yana chumvi, yakivuja yanapitisha umeme, na kama rejeta ni ya alumini floraidi inaila ile ngozi yake ya juu.

#19 Babu_wa_Gereji

Salamu vijana. Niko Unga Limited, magari ndiyo maisha yangu. Tumia maji ya betri, yale ya kuongezea, yanapatikana kituo chochote cha mafuta. Lakini soma chupa vizuri, mwanangu! Kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na madukani wengi wanayaita yote jina moja. Kijana wangu mmoja wa gereji alimwaga asidi kwenye rejeta akidhani ni maji. Asubuhi sakafu ilikuwa imetoboka, na rejeta pia.

Changanya na kulanti kidogo, sehemu moja kwa nne. Kulanti si ya baridi tu. Inazuia kutu na uozo.

Halafu hiyo rejeta ya hita umeitoa gari gani? Za zamani ni shaba, za sasa karibu zote ni alumini. Bomba lako ni shaba. Shaba na alumini ndani ya maji mamoja ni betri, alumini inaliwa mpaka inakuwa uji mweupe. Sumaku haitakusaidia maana zote mbili hazishiki. Kwaruza kwa msumari: ukiona wekundu au unjano, ni shaba, endelea. Ukiona nyeupe, rudisha.

#20 Chalii_wa_Sakina

Shikamoo babu. Nimetoka kuikwaruza sasa hivi. Ni njano. Ilitoka kwenye Land Cruiser ya zamani ya kampuni ya watalii, nimeipata kwa wauza skrepa. Na pampu nimepata ya waipa, ile ya kurusha maji kwenye kioo.

#21 Babu_wa_Gereji

Marahaba. Pampu hiyo acha. Imetengenezwa kurusha maji sekunde chache na kupumzika. Ukiiwasha nusu saa inanuka, saa moja imeungua.

#22 Kijana_wa_Usa

Tumia ya tangi la samaki. Mjomba anafuga, yake haijazimwa tangu mwaka juzi. Za volti 12 zisizo na brashi zipo kwa wauza vifaa vya sola. (Barafu nimeiacha, msinicheke tena.)

#23 Mtu_wa_Desktopu

Kwa nini msiuze hiyo laptopu mnunue desktopu? Laptopu haikuumbwa kupozwa kwa maji.

#24 Msomi_Tengeru

Mkuu, si kweli kwamba haikuumbwa. Hitachi waliuza laptopu yenye maji ndani 2002. ASUS walionyesha ROG GX700 pale Berlin 2015, ikawa na gati kubwa la maji, yaani kituo cha kupozea unachokichomeka kwa nyuma. 2022 XMG wa Ujerumani walitoa Oasis, kisanduku cha maji cha nje chenye mipira miwili. Ndani wamepitisha bomba bapa la shaba pembeni ya mirija ya kawaida, na ukichomoa mipira laptopu inaendelea na feni zake. Yaani ni mchoro uleule wa kijana wa Sakina. Sitaki kusema amewaibia, amefika mwenyewe.

#25 Chalii_wa_Sakina

Mtu_wa_Desktopu, nahariri ukumbini. Siku hizi wanataka kipande cha dakika tatu kionyeshwe kabla keki haijakatwa. Desktopu nitaibeba kwenye bodaboda?

#26 Dada_wa_Rau

Mimi nitoe ya kwangu, haina maji wala gharama. Prosesa yangu ni i7-9750H kama yako. Ingia kwenye mpangilio wa umeme wa Windows, tafuta kiwango cha juu cha prosesa, toa 100 weka 99. Turbo, ile kasi ya ziada, inazimika, prosesa inatulia kwenye 2.6. Yangu ilishuka kutoka 96 hadi 71 siku hiyohiyo. Na kumbuka, yako ikibanwa na joto inaanguka hadi 2.2, chini ya hii 2.6 yangu inayokwenda mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Anayekimbia na kuzimia njiani, na anayetembea bila kusimama, nani anafika?

Wengine watakwambia upunguze volti. Kwa toleo hili wengi wamefungiwa. Baada ya udhaifu wa kiusalama uitwao Plundervolt kutangazwa Desemba 2019, masasisho ya BIOS, programu ya msingi ya mashine, yakaziba njia hiyo.

#27 Chalii_wa_Sakina

Dada, nimejaribu. Joto 74, kazi imechukua saa mbili na dakika tano. Ni nzuri kuliko saa tatu. Lakini bila kubanwa ni saa moja na nusu, na zile dakika thelathini na tano ndizo nazitafuta.

#28 Fundi_Kaloleni

Nina jambo linanisumbua. Vibati safi, pesti mpya, bado 97? Nadhani mrija mmoja umekufa. Toa mtambo wote wa kupozea, chovya upande wa prosesa kwenye kikombe cha maji moto, shika upande wa vibati kwa vidole. Mrija mzima unakuunguza ndani ya sekunde tatu nne, mpaka unauachia. Uliokufa unabaki wa baridi muda mrefu. Pima kabla hujaunga chochote.

#29 Chalii_wa_Sakina

Fundi, nimepima usiku huu, chai ikanipa maji moto. Mirija iko mitatu. Miwili nimeiachia mara moja. Wa tatu, wa katikati, nimeushika nikahesabu hadi kumi na tano, vuguvugu tu. Nimeugeuza, nikakuta karibu na skrubu pana mkunjo mdogo, kama mtu alibonyeza kwa bisbisi. Sijui ni nani, hata mimi naweza kuwa niliubonyeza nilipofungua.

#30 Fundi_Kaloleni

Ugonjwa umepatikana. Tafuta mtambo mwingine kwenye mashine iliyokufa bodi. Huhitaji maji.

#31 FundiFriji_Pasua

Mimi ningeweka vyote. Mrija mzima unatoa joto kwenye prosesa, maji yanalitoa kwenye mrija. Havigombani.

#32 Mtazamaji_Kijenge

Wiki tatu kimya. Mleta uzi uko wapi? Au maji yameingia?

#33 Chalii_wa_Sakina

MREJESHO.

Samahani kwa ukimya, nilikuwa na harusi mbili mfululizo. Mashine ni nzima na inafanya kazi. Nieleze kwa utaratibu.

Mtambo mwingine wa kupozea nimeupata kwa fundi, mirija yote mitatu nimeichovya, yote ni mizima. Bomba nilibonda kwa mchanga kama nilivyoelekezwa. La kwanza lilijifunga kwenye kona, la pili likapasuka ubavuni, la tatu ndilo hili. Kuchomea nilijizoeza kwenye ule mtambo mbovu mara nne. Ile risasi ya 138 inabadilika ghafla: ni majivu, majivu, majivu, halafu inameta kama kioo na kujivuta yenyewe chini ya bomba. Sikuamini macho yangu.

Kabla ya kurudisha ndani nilizungusha maji siku mbili juu ya gazeti kavu. Ungio moja la rejeta lilitoa doa usiku wa kwanza, nikabana klipu, usiku wa pili gazeti likabaki kavu. Mama Njiro, hapo nilikukumbuka sana.

Vipimo, kwa programu ya HWiNFO, video ileile, chumba nyuzi 19: prosesa 76, kadi ya picha 67, kasi 3.6 mwanzo hadi mwisho. Saa moja na dakika thelathini na nane. Pampu nikiizima, dakika kumi, prosesa 88.

Asanteni wote, kwa moyo wangu wote.

#34 Fundi_Kaloleni

Hongera. Lakini soma kipimo chako mwenyewe: pampu imezimwa ni 88, zamani ilikuwa 97. Nyuzi tisa hizo ni za mrija mzima na pesti mpya, si za maji. Na 88 haibanwi, kasi inabaki. Ungeweza kuishia hapo.

#35 Mwalimu_Moshono

Na chumba ni nyuzi 19, mwezi wa saba. Ile 97 uliipima lini? Kama ilikuwa Machi chumba kikiwa 27, basi nyuzi nane ni za baridi ya Arusha peke yake. Hapo hata mrija hauna sifa.

#36 Chalii_wa_Sakina

Ile 97 ni ya mwezi wa tano, mwalimu. Chumba sikukipima, na hilo ni kosa langu.

#37 Msomi_Tengeru

Kuna jingine. Rejeta umeiweka wapi, juu ya laptopu au chini? Kama iko juu, maji moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanashuka hata pampu ikizimwa. Kwa hiyo kile kipimo cha 88 si cha "bila maji".

#38 Babu_wa_Gereji

Kweli kabisa. Ford Model T, ukiacha zile za mwanzo kabisa, ilipozwa hivyohivyo, haikuwa na pampu ya maji. Maji yalizunguka kwa joto lake.

#39 Chalii_wa_Sakina

Iko juu ya rafu, nusu mita juu ya meza. Dakika kumi nazo naona ni chache. Nitaishusha sakafuni, nizime pampu nusu saa, nipime upya. Halafu nikaushe mfumo wote nipime bila tone.

#40 Dada_wa_Rau

Hata ukikausha bado utakuwa unapima chumba cha Sakina chenye baridi, na turbo umeiacha wazi. Njoo Moshi.

#41 Chalii_wa_Sakina

Jumamosi nina kipaimara Kiboriloni, dada. Nitakuja na kila kitu.

#42 Dada_wa_Rau

Basi ukimaliza pita Rau. Yangu ni i7-9750H, haina maji. Tunaziweka meza moja, chumba kimoja, video moja. Chai ipo.

#43 Chalii_wa_Sakina

Nakuja. Nabeba rejeta, lita mbili za maji ya betri, na safari hii kipimajoto cha chumba.